Machicha ya Bia na Kinga Iliyofungwa Ndani Yake

Kila lita 100 za bia huacha nyuma takriban kilo 20 za machicha mabichi. Kwa dunia nzima, makadirio yanayotajwa sana ni karibu tani milioni 40 kwa mwaka. Katika mabaki yote ya kiwanda cha bia, machicha peke yake huchukua karibu asilimia 85. Hamira iliyokwisha kazi na masalia ya hopsi hugawana sehemu ndogo iliyobaki. Kwetu Afrika Mashariki machicha ni mali. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huyafuata kiwandani kwa malori, na wanaopika mbege Kilimanjaro au busaa magharibi mwa Kenya huwapa nguruwe na kuku mabaki yao.

Matumizi hayo ni mazuri, na makala haya hayayapingi. Yanataka kueleza jambo la ziada: ndani ya machicha mna kemikali za asili zinazozuia mafuta yasichache, nazo zimebaki humo kwa sababu zimefungwa. Ukielewa zimefungwa na nini, utaelewa pia kila hatua ya kuzitoa, gharama yake, na mpaka wa faida yake. Twende polepole, tangu mwanzo.

Kwa nini mafuta huchacha

Mafuta yaliyokaa wazi muda mrefu hubadilika harufu na ladha. Unga wa dona huchacha mapema kuliko sembe, kwa sababu dona husagwa pamoja na kiini cha hindi, na kiini ndicho chenye mafuta. Kuchacha huko husababishwa zaidi na oksijeni ya hewani, kwa njia iitwayo uoksidishaji.

Ili kuielewa njia hiyo, inatosha kujua jambo moja kuhusu atomu. Atomu hushikana kwa elektroni, na elektroni zinazounda kifungo hukaa mbili mbili. Mwanga, joto, au chembe za madini kama chuma na shaba zinaweza kusababisha molekuli ya mafuta ibaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Molekuli ya namna hiyo huitwa radikali huru, nayo haitulii. Huungana na oksijeni, kisha hunyakua atomu ya hidrojeni, pamoja na elektroni yake, kutoka kwa molekuli jirani. Ya kwanza imetulia, lakini jirani sasa amekuwa radikali, naye ananyakua kwa mwingine.

Fikiria mtu anayetoka msikitini akakuta ndara zake hazipo. Anavaa za mwenzake ili afike nyumbani. Mwenye zile akitoka, naye anavaa za mwingine. Msururu huo utaendelea mpaka atokee mtu mmoja ambaye, akikosa ndara zake, yuko radhi kwenda pekupeku. Antioksidanti, yaani kemikali inayozuia uoksidishaji, ndiyo mtu huyo. Humpa radikali hidrojeni yake, nayo hubaki na upungufu, lakini haimwendei jirani kuuziba. Swali la kisayansi basi ni hili: inawezaje kuvumilia upungufu ambao wenzake hawauvumilii?

Pete inayovumilia

Jibu liko katika umbo. Antioksidanti nyingi za mimea ni fenoli, yaani molekuli zenye pete ya atomu 6 za kaboni, na juu ya pete hiyo kikundi cha oksijeni na hidrojeni kiitwacho haidroksili. Hidrojeni ya kikundi hicho ndiyo inayotolewa. Ikishatoka, elektroni iliyobaki pekee haisongamani mahali pamoja juu ya oksijeni. Huenea katika pete, ikishirikiwa na kaboni kadhaa. Upungufu ukigawanywa kwa wengi, hamu ya kunyakua hupungua sana. Huo ndio uvumilivu wa fenoli.

Katika machicha ya shayiri, fenoli iliyotia fora kwa wingi ni asidi feruliki. Kando ya haidroksili yake kuna kikundi cha methoksi, ambacho husukuma elektroni kuelekea kwenye pete na kuifanya hidrojeni itoke kwa wepesi zaidi. Upande wa pili una mkia wa kaboni 3, wenye vifungo maradufu vinavyoungana na pete, hivyo elektroni pekee hupata uwanja mpana zaidi wa kuenea. Asidi kumariki, inayoifuata kwa wingi, inafanana nayo kwa kila kitu ila haina methoksi. Kwa upungufu huo mmoja, kinga yake ni dhaifu zaidi.

Familia hii ya molekuli si ngeni pwani yetu. Wanakemia Hlasiwetz na Barth waliitenga asidi feruliki mwaka 1866 kutoka kwenye mvuje, ule utomvu wenye harufu kali wa mmea wa Ferula ambao bado huuzwa katika maduka ya dawa za asili. Pete yenye haidroksili na methoksi zilizo jirani imo pia katika eujenoli, inayozipa harufu karafuu za Unguja na Pemba, na katika vanilini ya vanila. Bia za ngano za Ujerumani hunukia karafuu ingawa hazikutiwa karafuu: mpishi hukiacha kimea katika maji ya takriban nyuzi 45 za Selsiasi, kimeng'enya cha nafaka huachia asidi feruliki kidogo, kisha hamira huigeuza kuwa jamaa wa karibu wa eujenoli. Kimeng'enya hicho tukikumbuke, kwa maana kinatuonyesha kwamba kifungo tunachokitafuta kinaweza kufunguliwa.

Kwa nini imebaki kwenye machicha

Tuitazame punje ya shayiri kutoka nje kwenda ndani. Nje kuna maganda magumu. Chini yake kuna tabaka za pumba, na ya ndani kabisa kati ya hizo ni tabaka nyembamba ya seli zenye kuta nene. Ndani kabisa kuna wanga, chakula kilichohifadhiwa kwa ajili ya mche mchanga. Mpika bia anataka wanga huo tu. Huilowesha punje, huiacha ichipue kwa siku chache ili itengeneze vimeng'enya, huikausha iwe kimea, huiponda, kisha huiloweka katika maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 70. Wanga hugeuka sukari, sukari huyeyuka, na maji matamu huchujwa. Kinachobaki kwenye chujio ndicho machicha.

Kwa kuwa wanga umeondoka, kila kisichokuwa wanga kimeongezeka kwa uwiano. Machicha makavu huwa na protini takriban asilimia 20, na karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kuta za seli. Asidi feruliki imo hasa katika kuta za tabaka za pumba, na asidi kumariki zaidi katika maganda. Kwa pamoja ni gramu chache tu katika kila kilo ya machicha makavu.

Lakini maji ya moto yamepita hapo kwa saa nzima na zaidi. Mbona hayakuichukua? Kwa sababu asidi feruliki haikulala tu kati ya nyuzi. Ukuta wa seli za nafaka una minyororo mirefu ya sukari iitwayo arabinozailani, na asidi feruliki imeshikwa kwenye matawi ya minyororo hiyo kwa kifungo cha esta. Zaidi ya hapo, molekuli mbili za asidi feruliki kutoka minyororo miwili tofauti huweza kuungana na kuishona minyororo hiyo pamoja. Mmea umejenga hivyo kwa manufaa yake: ukuta ulioshonwa ni mgumu kutobolewa na ukungu na wadudu. Maji, na hata spiriti, huyeyusha kilicho huru. Kilichofungwa kwa esta hakitoki mpaka esta ivunjwe, na sehemu kubwa ya asidi feruliki ya machicha imefungwa hivyo.

Ufunguo wa alikali

Esta huzaliwa asidi inapoungana na kikundi cha haidroksili huku ikiachia maji. Kwa hiyo huvunjwa kwa kurudishiwa maji, lakini maji matupu hufanya kazi hiyo kwa ulegevu mno. Alikali huiharakisha, kwa sababu ina ioni za hidroksidi, zenye chaji hasi, zinazoishambulia kaboni iliyo katikati ya esta. Kifungo kikikatika, mnyororo wa sukari unakwenda upande wake, na asidi feruliki inabaki kama ioni inayoyeyuka vizuri majini. Ikiwa katika hali hiyo haiwezi kurudi na kufunga tena. Ndiyo sababu alikali huchaguliwa kuliko asidi kali, ambayo huacha mlango wa kurudi wazi na pia huvunja sukari zenyewe.

Je, magadi ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, yale yanayolainisha maharage, hayatoshi? Hesabu ya pH inatujibu. Maji ya magadi huwa na pH karibu 10, ilhali mchanganyiko wa asilimia 2 wa hidroksidi ya sodiamu, soda kali ya watengeneza sabuni, huwa na pH karibu 13.7. Kila hatua moja ya pH ni mara 10 ya hidroksidi, kwa hiyo soda ina hidroksidi mara elfu kadhaa zaidi. Kazi ambayo soda huifanya kwa saa chache, magadi yangeifanya kwa siku nyingi mno. Soda hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho. Mahali pake ni maabara au kiwanda chenye glavu, miwani na hewa ya kutosha, kamwe si jikoni.

Hapa panahitaji uangalifu mkubwa. Katika alikali, fenoli hupoteza hidrojeni yake na kubaki na chaji hasi, na katika hali hiyo hutoa elektroni kwa wepesi kuliko hapo awali. Oksijeni ikiwapo, antioksidanti itaanza kuoksidika yenyewe ndani ya pipa, na mchanganyiko utageuka kahawia iliyokolea. Sifa tunayoitafuta ndiyo inayoiweka hatarini. Kwa hiyo chombo hufunikwa na hewa hufukuzwa kwa naitrojeni, joto huwekwa kwa kiasi, na muda hauzidishwi.

Kuitenga na vingine

Nyuzi zisizoyeyuka zikishachujwa, tunabaki na maji meusi yenye kila kilichoyeyuka: protini, vipande vya arabinozailani, lignini kidogo na asidi feruliki. Kanuni ya kutenganisha ni kubadilisha mazingira ili kitu kimoja kipoteze sababu ya kubaki majini.

Kwanza pH hushushwa hadi karibu 4. Hapo chaji chanya na hasi za protini nyingi hukaribia kulingana, molekuli hazisukumani tena, nazo hushikana na kuzama. Huchujwa. Kisha huongezwa spiriti ya kutosha, na minyororo ya arabinozailani, isiyopatana na spiriti, nayo huzama. Huchujwa pia, na spiriti hurudishwa kwa kukenekwa ili itumike tena.

Mwisho pH hushushwa hadi 2. Asidi feruliki hurudishiwa hidrojeni yake kwenye mkia ikiwa chini ya pH 4.5 hivi; kwenye pH 2, haifiki molekuli 1 katika 100 iliyobaki na chaji. Bila chaji, haina tena mvuto mkubwa wa kubaki majini. Ukitikisa maji hayo na ethili asetati, kiyeyusho kisichochanganyika vizuri na maji, asidi feruliki huhamia huko. Ethili asetati huchemka kwa nyuzi 77, hivyo huondolewa kwa joto dogo na kukusanywa tena. Kinachobaki ni unga wenye asidi feruliki, asidi kumariki na jamaa zao.

Hesabu inayoamua yote

Kiwanda kinachotengeneza lita 100,000 za bia hutoa tani 20 za machicha mabichi. Takriban asilimia 75 hadi 80 ya uzito huo ni maji, kwa hiyo makavu ni tani 4 hadi 5. Tukikadiria gramu 2 za asidi feruliki kwa kila kilo kavu, kuna kilo 8 hadi 10 kabla ya hasara yoyote ya njiani.

Tugeukie soda. Maabara hutumia mara nyingi lita 20 za mchanganyiko wa asilimia 2 kwa kila kilo kavu, yaani gramu 400 za soda. Molekuli kwa molekuli, gramu 2 za asidi feruliki hazihitaji hata gramu 1 ya soda: sehemu ya kuvunja esta, na sehemu ya kuchukua hidrojeni ya fenoli. Nyingine zote zinalainisha kuta, zinayeyusha protini na zinaharakisha mwendo. Na soda yote ile ikishasawazishwa kwa asidi hidrokloriki, huzaa gramu 585 za chumvi, ambayo lazima ioshwe kabla ng'ombe hawajapewa masalia.

Hesabu hii inatufundisha jambo ambalo naliona kuwa kiini cha somo lote. Anayefuata asidi feruliki peke yake atailipia soda na kuzalisha chumvi kwa ajili ya gramu mbili. Anayejua kwamba soda ile ile tayari imeyeyusha protini na arabinozailani atavuna vyote vitatu kwa gharama moja, na masalia yenye nyuzi yatabaki kwa mifugo. Akitumia hidroksidi ya potasiamu badala ya sodiamu, maji ya mwisho yatakuwa na chumvi za potasiamu, kirutubisho ambacho mashamba yanakihitaji. Na atapunguza ujazo wa maji kadiri anavyoweza, maana uwiano wa maabara ulichaguliwa kwa urahisi wa kupima, bila kujali bei.

Hesabu inaanza hata kabla ya soda. Machicha mabichi, yenye unyevu na sukari kidogo, huota ukungu ndani ya siku mbili tatu za joto letu, na ukungu huo unaweza kuleta sumu kuvu. Kuyakamua kwa mashine na kuyakausha kwa joto lisilozidi nyuzi 60 hivi ni hatua ya lazima, nayo hula nishati nyingi. Mtambo wa aina hii unafaa ukae jirani na kiwanda cha bia, penye joto la ziada.

Ufunguo wa vimeng'enya, na kufuli jingine la mtama

Kuna njia ya upole zaidi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Norwich, Uingereza, walionyesha kwamba kimeng'enya cha kuvu Aspergillus niger kinachokata esta ya asidi feruliki hutoa kidogo sana kikiwa peke yake juu ya machicha ya shayiri, lakini kikishirikiana na kimeng'enya kinachokata mnyororo wa arabinozailani, kiasi hupanda mara kadhaa. Sababu ni ya kimaumbile tu: kimeng'enya ni molekuli kubwa, na kisipofunguliwa njia hakifiki palipo na esta. Njia hii haizalishi chumvi nyingi na haihatarishi fenoli, ingawa hutoa pungufu ya alikali na vimeng'enya vina bei.

Nafaka nyingine ina kufuli la namna nyingine. Mtama unaotumika kwa bia Kenya na Tanzania huchaguliwa kuwa mweupe, wenye tanini kidogo, kwa sababu tanini hushikamana na vimeng'enya vya kimea na kuvizuia kazi. Mtama wa kahawia, ambao wakulima huupanda kwa kuwa kwelea kwelea huukwepa, una tanini tele. Tanini ni minyororo ya fenoli nyingi na kinga yake ni kubwa. Hazikufungwa kwa esta za arabinozailani. Zimenasa kwenye protini. Soda huziharibu. Ufunguo wake ni kiyeyusho chenye asetoni na maji, takriban 70 kwa 30, kinachoachanisha mshikamano huo. Kila anayeanza na nafaka mpya aulize kwanza: kinga yake imefungwa na nini?

Imefaulu? Na inafaa nini?

Kipimo kinachotumika sana ni DPPH, radikali tulivu yenye rangi ya zambarau. Ikipewa hidrojeni hugeuka manjano, na mashine ya kupima mwanga husoma upungufu wa rangi kwenye nanomita 517. Ni kipimo kizuri na rahisi, na maabara ya chuo inaweza kukifanya. Lakini kinatuambia tu kwamba molekuli inatoa hidrojeni ndani ya chupa. Hakituambii kwamba anayeimeza atapona ugonjwa. Mwilini kuna ufyonzaji, ini na damu, na yaliyo kweli kwenye chupa hayawi kweli mwilini kwa tamko tu. Tuwe na msimamo hapa, maana neno antioksidanti limekwisha kuuziwa watu wengi kama dawa.

Faida iliyo wazi ni katika kuhifadhi. Makopo ya mafuta na pakiti za biskuti mara nyingi huandikwa E320 au E321, antioksidanti za kiwandani ambazo nazo ni fenoli, zikifanya kazi kwa kanuni ile ile ya kutoa hidrojeni. Dondoo la machicha linaweza kuchukua sehemu ya kazi hiyo katika mafuta, vyakula vya mifugo na vipodozi, ambako asidi feruliki pia hunyonya miale ya urujuanimno. Na viwanda vya vanila tayari hutumia vijidudu kuigeuza asidi feruliki ya pumba za nafaka kuwa vanilini.

Kwa msomaji anayefikiria pa kuanzia, nina pendekezo moja. Pumba za mahindi zina asidi feruliki nyingi kuliko machicha ya shayiri, hata kufikia gramu 30 kwa kilo, imefungwa kwa esta zile zile, nazo hutoka zikiwa kavu katika kila mashine ya sembe kuanzia Mbeya hadi Eldoret. Hazihitaji kukamuliwa wala kuwahiwa kabla ya ukungu, na soda ile ile itavuna mara kadhaa zaidi. Machicha yanatufundisha kemia; pumba zinaweza kutupa kiwanda cha kwanza. Vyuo vyetu vina wanakemia, vina soda na vina mashine ya kusoma rangi. Kinachohitajika sasa ni mwenye kinu na mwanakemia wakae meza moja, na wahesabu gharama ya vitu vyote vinavyotoka, kuanzia protini hadi potasiamu, kabla ya kununua chombo cha kwanza.